Ukurasa Wenye Sura Yangu

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asihangaike kuliazima. Nitamweleza kwa maneno machache, maana hasira niliyonayo haina subira ya kurudia hadithi.

Mimi ni mjane. Mchana napiga pasi kwa dobi, jioni nasoma darasa la watu wazima, na katikati ya hayo mawili namwomba Mungu. Nina binti mmoja, mtaa mzima unamwita Kipusa. Sasa mtu nisiyemjua alifungua ukurasa mtandaoni, akauwekea jina langu na picha zangu, akawa anawaandikia wanaume na kuwaalika kwangu.

Wa kwanza alikuja na maua ya plastiki, nikamtoa kwa ufagio. Wa pili alikuja amelewa, akatapika kwenye ngazi, majirani wakapata la kusimulia. Wa tatu ndiye niliyewaacha naye: amesimama mlangoni jua likizama, na mimi nimeinua sufuria ya maji ya moto.

"Dada, usinimwagie," alisema. "Mimi nimeitwa."

"Umeitwa na nani?"

"Na wewe."

"Mimi hata jina lako silijui."

"Unanijua vizuri tu. Juzi umeniambia ninyoe ndevu, nikanyoa."

Nikamtazama. Kweli kidevu kilikuwa kimenyolewa upya, kina mikwaruzo ya wembe. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, amevaa sare ya madereva wanaosambaza mitungi ya gesi. Mwenye mvi kama zile huwa anaogopa aibu. Nikashusha sufuria.

"Nionyeshe."

Akanipa simu yake. Nikasoma taratibu, kidole chini ya kila neno, kama ninavyosoma darasani.

Kila ujumbe ulianza na "Kwa neema ya Mungu". Ndivyo ninavyoanza mimi, sijui kuanza vingine. Mwandishi alisema leo amevaa gauni la zambarau. Nikajitazama, nimevaa gauni la zambarau. Alisema magoti yanamuuma kwa kupiga magoti sana, ameyapaka mafuta. Chupa ya mafuta ilikuwa pale dirishani, kizibo bado kiko wazi.

Kisha nikafika hapa: "Njoo jioni, mlango wa kijani. Mtoto asikutie wasiwasi. Mtoto wangu anapenda wageni."

Nilirudia mstari huo, si kwa sababu sikuuelewa.

Tunafundishwa kwamba kisasi si chetu. Nakubali. Lakini pale mlangoni nilisali hivi: Ee Mungu, huyu mtu usimuue. Niachie mimi kwanza, nikimaliza zamu yangu uendelee na yako.

"Kaka," nilimwambia dereva, "aliyekuandikia haya si mimi. Na wewe umechezewa kama nilivyochezewa."

Akajipapasa kidevu. "Kwa hiyo ndevu zangu zimekwenda bure."

"Zitalipiwa. Ila usimwambie kwamba umegundua. Endelea kumwandikia kama jana."

"Nimwandikie mapenzi mtu nisiyemjua?"

"Si ndicho ulichokuwa unafanya?"

Akacheka kwa uchungu. Akaandika namba yangu, ile ya kweli, akaondoka.

Asubuhi habari ilikuwa imeshafika kwa mama mkwe. Akaja, na nyuma yake wifi yangu, kama kivuli chenye mkoba.

"Mwanangu hata kaburi lake halijaota majani," alisema kabla ya kukaa, "na mlango wake umeshakuwa wa kupigwa hodi na kila suruali."

"Mama, si mimi ninayewaita."

"Nani basi? Paka?"

Wifi akacheka puani. "Picha zako, wifi. Jina lako. Hata neema ya Mungu ni ile ile yako. Au umeibiwa na neema?"

"Nimeibiwa, ndiyo."

"Basi wezi wa siku hizi hawachagui."

Mama mkwe akainua mkono, wifi akanyamaza. "Sikiliza, Mama Kipusa. Mimi sijasoma, mambo yenu ya mitandao siyajui. Ninachokijua ni mjukuu. Mtoto wa kike hawezi kulala kwenye nyumba inayoingia wanaume wasiojulikana. Jumapili, ibada ikiisha, uje kwangu na jina la mtu anayefanya hivi. Ukija mikono mitupu, Kipusa anabaki kwangu, nawe utamwona kwa ruhusa."

Walipoondoka, Kipusa akatoka nyuma ya pazia, sare ya shule haijafungwa vifungo.

"Mama," akauliza, "ruhusa inaombwaje?"

Nilimfunga vifungo. Nilivifunga vyote vibaya, ikabidi nianze upya.

Kazini siku hiyo niliunguza kola ya shati la mteja. Mpiga pasi mwenzangu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi, akanusa.

"Mama Kipusa, unachoma nyama?"

"Fanya kazi yako."

"Nafanya. Wageni wako wamekuchosha nini? Nasikia sasa wanapanga foleni." Akainua simu yake, akanipiga picha na kola iliyoungua. Hiyo ni tabia yake, hupiga picha kila kitu hapo kazini, hadi viatu vya tajiri wetu.

Nikamwangalia na ile simu. Nikajiuliza.

Ndipo nikarudi kwenye mashati. Mashati meupe yote ni ndugu. Ukiyatia kwenye pipa moja, hata aliyeyashona hawezi kusema lipi la nani. Kwa hiyo sisi, nguo ikifika, tunaitia uzi wa rangi ndani ya pindo, mshono mdogo usioonekana. Hoteli ni nyekundu, mchungaji ni buluu, daktari ni kijani. Likitoka kwenye maji, unapindua pindo, uzi unakuambia limetoka kwa nani.

Nikasema moyoni: hata uongo unaweza kutiwa uzi.

Huyu mwizi alitaka kila kilichonipata kiwe kimempata. Gauni langu, magoti yangu, mafuta yangu. Basi nitawapa ninaowashuku, kila mmoja habari yake, ya uongo, isiyofanana na ya mwenzake. Itakayotokea kwenye ukurasa itanionyesha imetoka kwa nani.

Nilishuku watatu. Redio na simu yake. Mwalimu wetu wa jioni, ambaye ana namba zetu na picha zetu zote. Na wifi yangu, ambaye angefurahi kuliko wote nikinyang'anywa mtoto. Wifi hana uzazi. Simsemi kwa hilo, lakini nilimwona anavyomshika Kipusa nywele.

Nikaamua kuwaendea kwa njia ambayo hakuna ambaye angeishangaa kwa mtu kama mimi: kuomba waniombee. Kudanganya katika hitaji la maombi ni dhambi, najua. Nililipia mapema. Nilifunga, sikutia kitu mdomoni kutwa nzima, nikamwambia Mungu aihesabu njaa ile kama malipo ya awali ya toba.

Nikaanza na Redio. "Ndugu yangu, uniombee. Jino linaniua, Ijumaa nakwenda kung'oa."

"Jino gani?"

"La nyuma."

"La nyuma halina maombi," akasema, "lina koleo. Lakini nitakuombea."

Mwalimu nilimfuata darasani, wengine wakifuta ubao. Nikamwambia macho yananitia ukungu, aniombee nipate miwani. Akanitazama kwa huruma hadi nikaona aibu.

Wifi nilimwendea mwisho, kwa unyenyekevu wa paka aliyeona samaki. Nikamwambia nimechoka na maneno ya mtaa, nahamia nyumba iliyo karibu na stesheni, aniombee.

Hakunicheka. Akasema, "Stesheni ni mbali."

"Ndiyo."

"Haya. Nitakuombea."

Nikajisemea, mnafiki huyo.

Mtu mmoja sikumpa uongo wowote, mwanafunzi mwenzangu tunayekaa dawati moja. Tunaitana Mwenza, yeye kwangu na mimi kwake. Ndiye aliyenifundisha kutuma sauti kwenye simu, ndiye anayempokea Kipusa shuleni nikichelewa kazini, na katika kikundi chetu cha maombi ndiye anayekusanya mahitaji ya watu na kuyaombea. Alishona hata gauni la zambarau kama langu, tukawa tunaingia darasani kama mapacha. Mpango wangu sikumwambia. Si kwa kumshuku. Niliona tu kwamba yeye asingekubali nidanganye katika maombi.

Ijumaa mchana nikiwa kazini dereva akapiga simu.

"Dada, nimemwambia nataka kuja Jumapili. Kanijibu."

"Kasema jino linamuuma?"

"Hapana."

"Macho?"

"Sikiliza nikusomee. 'Kwa neema ya Mungu, mpenzi, usije huko tena, nahama. Nimepata nyumba karibu na stesheni.'"

Niliweka pasi chini. Nikaenda nyuma ya mashine za kufulia, mahali ninaposalia siku zote, nikapiga magoti kwenye saruji iliyolowa. Watu humshukuru Mungu kwa mvua na kwa afya. Mimi nilimshukuru kwa adui. Nilimshukuru kwamba ana uso, na kwamba uso wenyewe naujua tangu siku ya harusi yangu.

"Kaka," nilimwambia dereva nilipoinuka, "Jumapili vaa vizuri. Unakuja kwa wakwe zangu."

"Kufanya nini?"

"Kushuhudia mtu akivuliwa nguo bila kuguswa."

Jumapili nilivaa gauni langu la zambarau, kama ninayekwenda kubarikiwa. Mwenza akanisindikiza. Alisema mtu hawezi kwenda kwenye kikao kama kile peke yake, na akachukua mkono wa Kipusa njia nzima, wakiimba.

Sebule ya mama mkwe ina viti vikubwa vilivyofunikwa vitambaa na dirisha moja linalotazama uani. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake. Wifi alikaa kando yake. Dereva akasimama karibu na mlango, kofia mkononi, kama mchumba aliyekosea nyumba.

"Huyu ni nani?" mama mkwe akauliza.

"Ni mgeni wa tatu, Mama."

"Umemleta hapa?"

"Nimemleta aseme."

Mwenza akaniinamia sikioni. "Haya si maneno ya mtoto kusikia. Mimi nitakaa naye uani."

"Mungu akubariki, Mwenza," nilisema. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wakatoka. Nikaanza. Nilieleza habari ya uzi, nikaeleza watu watatu na habari tatu. Nilizungumza polepole, kwa sababu nilitaka kila neno lifike likiwa moto. Wifi alisikiliza akiwa ameshika mkoba wake mapajani. Nilipofika kwenye stesheni, mkoba ukaanguka.

"Soma, kaka," nikasema.

Dereva akasoma.

Mama mkwe aligeuza kichwa kwa binti yake, taratibu sana. "Ni wewe?"

"Mama, hapana."

"Ulimwambia nani kwamba nahama," nikauliza, "kama si ukurasa wako?"

"Wifi, naapa sijui kufungua ukurasa. Simu yangu hii hapa."

"Iweke mezani. Na wewe Mama, yako. Na yangu hii." Zikakaa pale tatu, ya mama mkwe ikiwa ile ndogo ya kupigia tu. "Sasa kaka, mwandikie. Mwambie unampenda. Tuone ipi itakayolia."

Hapo wifi alikuwa ameanza kulia. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikaa kwenye kiti nikamtazama analia kama mtu anayeota moto siku ya baridi. Kila tusi alilowahi kunitupia nililikumbuka, nikaliweka juu ya moto huo, likawaka.

Dereva akaandika, akatuma.

Tukasubiri. Simu tatu zikalala mezani kama samaki waliokufa. Hakuna iliyolia, hakuna iliyowaka.

Kisha simu ya dereva, iliyokuwa mkononi mwake, ikatetemeka. Akaitazama, akaitazama tena, uso ukambadilika.

"Amejibu," akasema.

"Haiwezekani."

"Amejibu, dada." Akasoma kwa sauti ndogo. "'Kwa neema ya Mungu, nipo kwa wakwe zangu sebuleni. Wifi yangu analia. Tutaongea baadaye, mpenzi.'"

Sote tukamtazama wifi. Machozi yalikuwa bado yanadondoka kwenye kola yake, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya meza, mitupu.

Mama mkwe akavuta mtandio wake kifuani. "Nani anatuona?"

Ule moto niliokuwa naota ukazimika wote mara moja. Nikamsogelea wifi, nikapiga magoti mbele yake, mimi, mbele ya yule.

"Wifi, lile hitaji langu la kuhama. Ulimwambia nani?"

"Hukuniambia ni siri," akasema akijifuta. "Uliponiambia unahama niliona huruma. Nikasema nimekusema sana. Lakini mimi na maombi tunajuana kwa mbali, maombi yangu hayapandi hata dari. Nikampelekea mtu ambaye maombi yake yanasikilizwa."

"Nani?"

"Yule mwenzako wa dawati. Ndiye anayekusanya mahitaji."

Nani asiyejua? Katika kikundi cha maombi hitaji la mtu halikai mfukoni. Ukilipokea unampa na mwingine, ili wengi waombe. Mimi mwenyewe nimeyapeleka mangapi kwa mkono wangu, na yote kwa mtu huyo huyo. Uzi niliutia kwenye nguo isiyolala kwa mwenyewe.

Niliinuka, nikafungua mlango wa uani.

Kulikuwa na kamba ya kuanikia, ndoo imepinduliwa chini ya dirisha la sebule, na lango la nyuma liko wazi. Nikaita Kipusa. Nikaita tena. Jirani aliyekuwa anaosha vyombo upande wa pili akainua kichwa.

"Wametoka sasa hivi," akasema. "Yule mtoto na mama yake."

"Mama yake ni mimi."

Akanitazama, akatazama gauni langu. "Basi mnafanana nguo."

Mbele ya nyumba dereva alikuwa ameshawasha gari lake la gesi. Mama mkwe, ambaye siku hizi hapandi ngazi bila kushikwa, alijitupa mwenyewe kiti cha mbele, kando yangu. Wifi alipanda nyuma, katikati ya mitungi ya gesi, viatu mkononi.

"Stesheni," wifi alipiga kelele kutoka nyuma. "Nendeni stesheni, nilimwambia stesheni."

Gari lilipokata kona ya kwanza, simu ya dereva ikatetemeka juu ya dashibodi. Alikuwa ameshika usukani, akanisukumia.

Ulikuwa ni ukurasa wangu. Picha ya juu, ile ya uso wangu, ilikuwa imeondolewa. Mahali pake palikuwa na picha mpya. Kipusa anacheka, shavu lake limebanwa kwenye shavu la Mwenza, na kola ya zambarau inaonekana chini ya kidevu.

"Imeandikwa nini?" mama mkwe akauliza. "Wewe unayesoma, nisomee."

Nikaweka kidole chini ya maneno.

"Mimi na mwanangu," nikasoma. "Kwa neema ya Mungu, tumeanza safari."

Na chini yake mtu, sijui nani, sijui wa wapi, alikuwa ameshaandika: Hongera mama, mnafanana sana.